Kuzungumza na mnara: mwongozo wa rubani binafsi anayeruka kwa kuona

Mwanafunzi wa urubani akiniambia kuna kitu kinamtisha, mara nyingi si upepo wa ubavuni wala injini kuzimika. Ni redio. Ndege anaimudu, lakini akibonyeza kitufe cha maikrofoni ulimi unakauka, kwa sababu anamwona mwongoza ndege kama mwalimu mkuu aliyeshika fimbo. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenye leseni binafsi ambao hadi leo wanavikwepa viwanja vyenye mnara ili wasilazimike kuongea na mtu.

Mfano wangu ni safari moja: Wilson, Nairobi, hadi Mombasa, kwa ndege ya injini moja, mchana, kwa kanuni za kuruka kwa kuona ambazo sote tunaziita VFR. Taratibu ni zile za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa hiyo zitakufaa pia Dar es Salaam, Zanzibar, Entebbe au Kigali. Masafa ya redio, njia za kuingilia na vimo vya kila eneo visome kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga cha nchi husika, na kwenye NOTAM, yaani matangazo ya mabadiliko kwa marubani, kabla ya kila safari. Hapa sivitaji kwa makusudi. Hubadilika, na namba iliyopitwa na wakati ina hatari kuliko kukosa namba kabisa.

Jua ana wajibu gani kwako

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Anga imegawanywa kwa madaraja yenye herufi. Daraja A halikuhusu. VFR hairuhusiwi humo. Katika daraja C mwongoza ndege anakutenganisha na ndege zinazoruka kwa vyombo, yaani IFR, lakini kati yako na mwenzako wa VFR anawapa taarifa tu: yuko kule, kimo fulani, mtazameni. Katika D, hata ile ndege ya abiria inayoruka kwa vyombo anakupa taarifa yake tu, kisha kuiona na kuikwepa ni kazi yako. Daraja G ni anga huru. Huombi kibali wala hupewi, ila ukiita kituo cha taarifa utaambiwa kinachojulikana, na ukichelewa kufika kutakuwa na mtu anayejua pa kuanzia kukutafuta.

Kwa hiyo kibali cha mnara hakikupi ruhusa ya kuacha kutazama nje. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 yenye watu 44 juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya Dash 8 hiyo kuruka kutoka Wilson kuelekea Diani. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Sitaichambua ajali hiyo hapa. Ninaikumbuka kila ninapolipita eneo lile, na ninapolipita taa za kutua huwa zinawaka, transponda, kifaa kinachoijibu rada, inatuma kimo, na abiria aliyekaa kando yangu nimeshampa kazi ya kutazama upande wake na kuniambia chochote kinachosogea.

Kumbuka pia asichokijua. Haoni mawingu jinsi unavyoyaona wewe. Hajui kama una saa 60 za kuruka au 6,000. Viwanja vingi vidogo havina rada, kwa hiyo picha aliyo nayo kichwani ameijenga kwa darubini yake na kwa maneno yako. Ukimwambia uko maili tano kusini ilhali uko nane, yeye anapanga ndege nyingine juu ya hiyo tano. Kama wewe ni mwanafunzi, au hukijui kiwanja, sema mapema: "student pilot" au "unfamiliar". Sijawahi kumsikia mwongoza ndege akimdharau mtu kwa maneno hayo. Nimewasikia wengi wakipunguza mwendo wa maneno na kutoa maelekezo mafupi zaidi.

Nyumbani, kabla ya kwenda kiwanjani

Hali ya hewa kwanza. Chini ya futi 10,000 katika anga inayoongozwa, VFR inadai mwonekano wa kilomita 5, na uwe mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu mwonekano uwe kilomita 8. Nairobi ya Juni hadi Agosti huamka na wingu zito la chini, na asubuhi nyingi utasubiri lipande. Subiri. Upo utaratibu wa VFR maalumu, ambapo mnara unaweza kukuruhusu utoke au uingie eneo lake hali ikiwa chini ya viwango hivyo, lakini wewe ndiye unayeomba, na kwa kiwanja kisicho mbali na Vilima vya Ngong mimi ningemshauri mwenye leseni mpya asiombe.

Jaza mpango wa safari kwa UTC, saa moja inayotumika duniani kote. Sisi tunaosema Kiswahili tuna aina tatu za saa za kuchanganya: saa tatu asubuhi ya nyumbani ni 0900 ya Afrika Mashariki na ni 0600 kwenye fomu. Iandike 0600 kubwa juu ya karatasi yako ya pajani. Jaza muda ambao mafuta yatadumu na idadi ya watu kwa ukweli, kwa sababu ndizo namba mbili ambazo waokoaji wataziuliza.

Kimo: ukiwa juu ya futi 3,000 kutoka ardhini, mwelekeo wa sumaku kati ya 000 na 179 unakupa elfu zisizogawanyika kwa mbili ukiongeza 500, na kati ya 180 na 359 elfu zinazogawanyika kwa mbili ukiongeza 500. Kwenda Mombasa ni kusini-mashariki, basi ni 9,500 au 11,500. Kurudi ni 8,500 au 10,500. Ukiomba kimo kinacholingana na kanuni, umempunguzia mwongoza ndege kazi kabla hajafungua kinywa.

Mwisho, andika masafa yote kwa mpangilio utakaoyatumia, na chora kiwanja kwa mkono: njia za kurukia 07/25 na 14/32 (namba ni mwelekeo wa njia kwa makumi ya nyuzi), mahali ulipoegesha, mistari ya kusubiria. Mchoro wa mkono unakaa kichwani kuliko ramani ya kwenye simu.

Wito wa kwanza

Fungua redio, ongeza sauti, kisha nyamaza usikilize kwa dakika moja nzima. Utajua njia inayotumika, upepo, nani yuko kwenye mzunguko wa ndege zinazojipanga kutua, na kama mwongoza ndege ana kazi nyingi. Ukibonyeza kitufe wakati mwenzako anajibu, mnakatana na wote wawili mnapotea.

Wito wenyewe una mambo manne: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Kama masafa yana shughuli, tanguliza mawili ya kwanza tu: "Wilson Tower, good morning, 5Y-ABC." Akikujibu "pass your message", ndipo utoe mengine: "5Y-ABC, Cessna 172, at the apron, three on board, VFR to Mombasa, request taxi." Kama kiwanja kina ATIS, yaani matangazo ya hali ya kiwanja yaliyorekodiwa na kupewa herufi, yasikilize kwanza, kisha utaje herufi yake. Usilifupishe jina la ndege mpaka yeye alifupishe. Siku ambayo kuna ndege mbili zenye herufi zinazofanana, litaje lote kila mara, polepole, hata kama yeye analifupisha.

Kiingereza cha redio si Kiingereza cha shule. Maneno yake ni machache, na kila moja lina kazi yake:

- "Affirm" ni ndiyo. "Negative" ni hapana.
- "Roger" maana yake nimekusikia, basi. Haimaanishi nimekubali wala nitafanya.
- "Wilco" ni nimeelewa na nitatekeleza.
- "Standby" ni subiri. Si ruhusa, na si kukataliwa.
- "Say again" ni rudia.
- "Unable" ni siwezi.

Tangu Machi 2008 ICAO inadai angalau kiwango cha 4 cha lugha kwa wanaotumia redio katika safari za kimataifa, na mamlaka zetu zinakiandika kwenye leseni. Marafiki huzoea kusalimiana kwa Kiswahili kwenye masafa, nami nawasihi waache. Pale Wilson kuna marubani waliotoka kila pembe ya dunia, na mazungumzo wasiyoyaelewa yanawanyima picha ya anga wanayoruka pamoja nawe. Lakini ukikwama kweli, moshi umejaa, Kiingereza kimetoroka, sema kwa Kiswahili. Aliye mnarani anakielewa, na kuokoka kunatangulia utaratibu.

Kurudia ulichoambiwa

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Vitu vifuatavyo unavirudia kwa namba zake, na jina la ndege mwishoni: njia ya safari, kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusubiri kando ya njia ya kurukia, njia inayotumika, QNH (shinikizo la hewa unaloweka kwenye kipimo chako cha kimo), namba ya transponda, kimo, mwelekeo na mwendo. Upepo na taarifa za ndege nyingine hazihitaji kurudiwa.

Kurudia si kumwonyesha kwamba una adabu. Ni nafasi yake ya kukusikia ukikosea. QNH uliyoikosea kwa hektopaskali 10 inakupeleka takriban futi 300 mbali na kimo unachodhani uko, na hakuna kitakachokushtua.

Mwaka wangu wa kwanza na leseni niliomba 7,500. Nikajibiwa, nikasikia namba niliyokuwa naitarajia, nikasema "Roger" na kupanda. Namba niliyopewa ilikuwa 6,500, kwa sababu juu yangu kulikuwa na mtu. Ningeirudia, mwongoza ndege angenisahihisha kwa sekunde mbili. Badala yake nilisahihishwa na tumbo la ndege nyingine nililoliona juu yangu, karibu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tangu siku hiyo siandiki namba niliyoiomba kwenye karatasi. Naacha nafasi tupu, najaza niliyopewa.

Na kama hukusikia, uliza. Sisi tumelelewa kutomrudisha mkubwa nyuma. Mzee akisema, unaitikia "naam", kisha unakwenda kumuuliza mwenzako pembeni amesema nini. Angani hakuna pembeni. "Say again" haina kosa la adabu, hata ikiwa ya tatu.

Kutoka maegesho hadi kuruka

Ruhusa ya kutembeza ndege inaishia kwenye mstari wa kusubiria. Huvuki njia yoyote ya kurukia bila kusikia neno la kuivuka, na ukiwa na shaka simama uulize. "Line up and wait" ni ingia usimame; si kuruka. Ukipewa ruhusa yenye sharti, kwa mfano kuingia baada ya ndege inayotua, hakikisha umeiona ndege hiyo hiyo iliyotajwa, kisha urudie sharti pamoja na ruhusa.

Neno "take-off" lina ulinzi wa pekee. Tarehe 27 Machi 1977, kule Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia penye ukungu na watu 583 wakafa. Mojawapo ilianza kuruka bila kibali, baada ya maneno ya redio kueleweka tofauti pande mbili. Tangu hapo neno hilo linasemwa tu kibali chenyewe kinapotolewa au kufutwa. Nyakati nyingine zote ni "departure". Nawe lishike hivyo hivyo: uko tayari, sema "ready for departure".

Wilson iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban futi 5,500. Siku yenye nyuzi 25 za joto, injini na mabawa yako yanafanya kazi kana kwamba uko karibu futi 8,000. Mnara hauhesabu hilo kwa niaba yako. Unaweza kuulizwa kama utakubali kuanzia katikati ya njia ili usisubiri, au kuruka mara moja kwa kuwa kuna ndege inakuja kutua. Ukiwa na watu watatu na mafuta ya kufika Mombasa, jibu ni "unable, request full length", yaani siwezi, naomba njia nzima. Hakuna atakayekukasirikia, na akikasirika, kasirani yake haina uzito wa miti iliyo mwisho wa njia.

Ukiruka nyuma ya ndege kubwa zaidi, omba dakika mbili au tatu kama hukupewa. Hewa inayozungushwa na ncha za mabawa yake inashuka nyuma yake na kusukumwa na upepo. Ukitua nyuma yake, kaa juu ya njia aliyopita na uguse ardhi mbele ya alipogusa yeye.

Angani: kuona, kuripoti, kukataa

Mwongoza ndege akikutajia ndege nyingine atatumia uso wa saa. Nimeona wanafunzi wetu wakiangukia mtego ambao vitabu vya ugenini haviutaji. Akisema "two o'clock", tazama mahali ilipo tarakimu ya 2 kwenye saa ya ukutani, yaani mbele upande wa kulia. Ukianza kuitafsiri kichwani, "two o'clock" inakuwa saa nane, nawe unageuza shingo nyuma kushoto kutafuta tarakimu ya 8. Usitafsiri. Uso wa saa umekaa mbele yako, 12 ikiwa kwenye pua ya ndege.

Ukiiona, sema "traffic in sight". Usipoiona, sema hivyo pia, na uendelee kutafuta. Usiseme umeiona ili kumfurahisha. Neno hilo moja linaweza kumfanya akuachie jukumu la kujitenga nayo, na sasa unakwepa kitu usichokijua kilipo. Ukikubali kuifuata kisha ikapotea kwenye mng'ao wa jua, mwambie papo hapo.

Akikupa mwelekeo au kimo kitakachokuingiza kwenye wingu, kataa. Yeye hajui wingu liko pale. Rubani asiye na mafunzo ya vyombo akiingia wingu anapoteza wima wake kwa muda mfupi sana, na idhini ya mnara haimsaidii. Lakini usikatae ukanyamaza. Toa sababu na njia mbadala: "Unable due cloud, can accept heading 150." Mwenye amri ya mwisho juu ya ndege ni rubani wake. Kanuni za ICAO zinasema hivyo, na zinasema hivyo kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Ripoti ya mahali iwe na jina la mahali, kimo, na saa utakayofika pointi inayofuata. Barabara ya Mombasa na reli zitakuongoza: Konza, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Ila mgeni wa jana hajui Kibwezi iko wapi, basi ongeza umbali na upande kutoka mahali panapojulikana kwenye ramani za anga. Na kwa kuwa kila ndege ndogo inafuata mstari huo huo kwenda na kurudi, ruka upande wa kulia wa barabara, ukiiona kushoto kwako, ili mpishane salama na anayerudi.

Katika Tsavo kuna viwanja vya murram visivyo na mnara. Hapo unatangaza kwa wote: wewe ni nani, uko wapi, kimo gani, unaelekea wapi. Hakuna atakayekujibu mara nyingi, na bado tangaza.

Ukihamishiwa masafa mengine, yarudie, na usiyafute ya zamani. Ukiita mara mbili tatu kimya, rudi ulikotoka uwaambie.

Kuingia Mombasa

Ita mapema, dakika kumi hivi kabla ya mpaka wa anga inayoongozwa, ukiwa umeshatazama mchoro wa kiwanja. Akisema "standby", hujaruhusiwa kuingia. Zunguka nje ya mpaka mpaka usikie kibali. Watu wazima wenye uzoefu wameingia kwa "standby" wakidhani jina lao kutajwa kunatosha.

Njia kuu ni 03/21. Kaskazi ikivuma jiandae kwa 03, kusi ikivuma jiandae kwa 21, kisha fuata utakachoambiwa. Hapa utakutana na ndege kubwa za abiria. Zinakuja kwa kasi inayokaribia maradufu ya yako, kwa hiyo usishangae ukiambiwa uzunguke duara moja au urefushe upande wa mzunguko ambao upepo unakusukuma. Ukirefushwa mno hata unaanza kukipoteza kiwanja, uliza. Inawezekana amekusahau kidogo. Ana sauti nyingine sita masikioni.

Akikuambia "go around", yaani acha kutua upande tena, au ukiamua mwenyewe kwamba kutua huku hakufai, weka nguvu zote, inua pua, tuliza ndege, kisha ndipo ubonyeze kitufe. Ndege kwanza, mwelekeo pili, maneno mwisho. Mnara unaona kwamba unapanda. Hauna haja ya kusikia hotuba.

Redio ikifa

Kwanza sauti, plagi za hedseti, na masafa; mara nyingi tatizo linaishia hapo. Angalia pia kama kitufe chako kimekwama, kwa sababu kitufe kilichokwama kinawaziba wote. Ikishindikana, weka 7600 kwenye transponda, kaa kwenye hali ya kuona, na tua kwenye kiwanja kinachofaa kilicho karibu. Kama kina mnara, ungana na mzunguko ukitazama taa:

- Kijani isiyokatika: una ruhusa ya kutua.
- Nyekundu isiyokatika: wapishe wengine, endelea kuzunguka.
- Kijani ya kumwekamweka: rudi ujipange kutua, kisha subiri taa nyingine.
- Nyekundu ya kumwekamweka: kiwanja si salama, usitue.
- Nyeupe ya kumwekamweka: tua hapa, nenda maegesho.

Jibu kwa kutikisa mabawa mchana, au kwa kuwasha na kuzima taa usiku.

Ukipata shida

"Mayday" mara tatu kwa hatari ya maisha. "Pan-pan" mara tatu kwa shida inayohitaji msaada ila haijafika huko. Tumia masafa uliyopo. Usipojibiwa, nenda 121.5. Transponda 7700. Sema jina, shida, unachokusudia, mahali, kimo, idadi ya watu.

Usilizungushe neno. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca nambari 52 iliishiwa mafuta ikisubiri kutua New York. Wafanyakazi wake walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha na kwamba wanahitaji kipaumbele. Neno la dharura hawakulitamka. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Walisema kwa upole jambo lililohitaji kusemwa kwa jina lake, nami nikiisoma habari hiyo naisikia sauti yetu sisi: "samahani bwana, naomba, kama inawezekana." Mwongoza ndege akilisikia neno lenyewe anaweza kuwasogeza wote wakupishe. Asipolisikia, wewe ni mmoja kwenye foleni. Umepotea? Sema umepotea mafuta yakiwa bado yapo. Fomu utakayojazishwa chini haizidi kurasa chache.

Mkitofautiana

Usibishane kwenye masafa. Kama agizo ni salama, litekeleze. Kama si salama, "unable" inatosha. Ukishatua, piga simu mnarani uongee na mtu kwa utulivu. Siku moja niliona nimekaripiwa bila haki katika kiwanja fulani, nikapiga simu nikiwa nimepandwa na hasira, kumbe nyuma yangu kulikuwa na ndege iliyobeba mgonjwa ambayo sikuwa nimeisikia. Tuliongea robo saa na nikaomba kwenda kuuona mnara. Nenda nawe, kwa ruhusa. Kaa nyuma yao saa moja, usikilize marubani wanavyosikika kutoka upande ule, na utaanza kufupisha maneno yako bila kuambiwa.

Ukishazima injini Mombasa bado una kazi moja. Hakikisha mpango wako wa safari umefungwa. Mnara ukiwepo kwa kawaida wanaufunga wao, lakini uliza. Kama ulibadili nia ukatua kiwanja cha murram huko Tsavo, ni wewe wa kupiga simu, na usingoje ufike hotelini. Dakika 30 baada ya saa uliyotarajiwa kufika bila habari zako, hatua ya kwanza ya kukutafuta inaanza, na kuna mtu zamu ya usiku anayeanza kupiga simu kiwanja kimoja baada ya kingine akiuliza kama wamemwona 5Y-ABC, watu watatu.